Taa ya LED imekufa: ujampe chipu, ubadili chipu, ubadili draiva au utupe tu?

Droo ya chini ya kabati la jikoni kwangu ilikuwa na taa mbovu za LED 11. Mke wangu kashasema mara tatu zitupwe na mi nasema subiri, sasa wikiendi iliyopita nikazimwaga zote mezani nikasema leo kila moja ijulikane, inapona au inaenda jalalani. Zilikuwa globu 8, panel za dari 2, na ile taa ya kuchaji moja. Jioni 7 zinawaka, 4 hapana. Ila kitu nilichojifunza ni kwamba swali la "hii inatengenezeka?" halina maana sana, karibu zote zinatengenezeka ukiamua, ishu ni njia gani inalipa kwa taa gani, maana kuna njia ambayo kwa panel ni akili kabisa halafu kwa globu ya buku mbili ni kuichoma Jumamosi yako bure.

Lakini kabla hujashika bisibisi, toa ile mbovu weka taa nzima kwenye holda hiyo hiyo, halafu ile mbovu nenda kaijaribu chumba kingine. Dakika mbili tu. Kwenye zile 8 zangu globu mbili hazikuwa na ugonjwa wowote, mgonjwa alikuwa holda ya korido, ule ulimi wa shaba wa katikati umelala haugusi tena kitako cha taa. Nikazima meni swichi (meni swichi jamani, siyo ya ukutani, sababu nakuja nayo) nikauinua kidogo na bisibisi, imeisha hiyo. Kama holda zako ni za pini angalia vile vichuchu viwili vya springi, vikichoka navyo vinafanya mchezo huo huo, taa inawaka ukiigusa inazima ukiiachia.

Na kuna hii nyingine inanichekesha, mtu anasema taa yangu ina jini, nimezima swichi usiku lakini inang'aa kidogo kama mbalamwezi. Hiyo taa ni nzima. Mara nyingi fundi aliyefunga nyumba kapitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya layvu (waya unaoleta umeme), au swichi yenyewe ni ile yenye kataa kadogo kekundu ndani, basi kaumeme kadogo kanapita na LED haihitaji kingi kuwaka. Globu ya zamani ya waya isingeonyesha chochote. Usinunue taa nyingine, mwite fundi ahamishie layvu kwenye swichi, au abadili swichi kama ni ile yenye kataa. Na hiyo ndo sababu ya meni swichi, kama swichi yako inakata nyutro basi ukiizima layvu bado iko pale pale kwenye holda inakusubiri.

Haya, tumehakikisha ni taa kweli. Ndani kuna vitu viwili tu vya maana, bodi ya chipu (vile vitaa vidogo vya njano vinavyotoa mwanga) na draiva. Draiva inapokea volti 230 za ukutani, inazinyoosha kuwa umeme wa upande mmoja (zinafika kama volti 325 kwenye kapasita, kile kipipa kinachotunza chaji, ndo maana inapiga vibaya), halafu inatoa mkondo mdogo uliopimwa kwenda kwenye chipu. Na chipu zimepangwa foleni kama vijana wanaopokezana matofali saiti, mmoja akiondoka tofali linaishia hapo hapo na wote wanasimama. Kwa hiyo taa ya chipu 14 inazima yote kwa sababu ya chipu moja, nyingine 13 ni nzima kabisa. Mtu anatupa watu 13 wenye afya kwa ajili ya mmoja.

Kufungua lile kofia jeupe la plastiki: kisu chembamba kwenye ukingo, zungusha taratibu, gundi ikigoma ipashe moto na drai ya nywele. Kabla ya hapo angalia shingoni kama muuza duka aliandika tarehe na makapeni, kama waranti bado ipo acha kila kitu uirudishe dukani, ukishafungua hamna atakayekusikiliza.

Ukifungua tafuta doti nyeusi. Chipu nzima ni njano tupu, iliyoungua ina kidoti cheusi katikati au imebabuka. Hiyo njano kwa wasiojua ni poda tu, chini yake taa yenyewe ni ya bluu, bluu ikipita kwenye njano jicho linaona nyeupe, na hiyo LED ya bluu ndo iliyowapa Wajapani Akasaki na Amano pamoja na mwenzao Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia 2014. Ukiibandua poda kwenye chipu nzima unaona bluu kabisa, watoto wangu walikaa nusu saa wanaangalia hiyo badala ya katuni.

Doti ikionekana, chipu ndo mgonjwa. Hamna doti na taa imekufa kimya, shuku draiva, hasa karezista (kipande cha kubana mkondo) kadogo pale umeme unapoingia ambako kamewekwa makusudi kaungue kama fyuzi. Inawaka inazima inawaka inazima kwa mpigo kama disko, mara nyingi ni chipu inayoachia ikipata moto. Inatetemeka au imefifia, tazama kapasita, ile pipa ndogo, kama kichwa kimevimba ndo yenyewe. Nyumba nzima ikicheza pamoja basi tatizo ni umeme unaoingia, si taa.

Sasa tuzipambanishe.

Kujampa na kubadili chipu ndo ndugu wawili wanaogombana. Kujampa ni kwamba unaing'oa chipu iliyoungua kwa ncha ya kisu halafu unaweka tone la risasi (ile ya kulehemu) kuunganisha padi mbili, vile vibati ilipokalia chipu, umeme unapita kama hakukuwa na mtu. Gharama ni sifuri kama una chuma cha risasi, muda dakika kumi. Globu tatu nimezifufua hivyo na mwanga sijaona tofauti. (Kuna video watu wanapaka penseli au wanabandika karatasi ya sigara, usifanye, itashika leo na wiki ijayo inatoa moshi.) Kubadili chipu ni kazi ya kweli, inabidi upate chipu inayofanana, na hapo ndo watu wanaanguka, kwa sababu kwa macho zote zinafanana, zile za 2835 zina milimita 2.8 kwa 3.5 basi, lakini ndani moja ni ya volti 3, nyingine 6, nyingine 9, nyingine 18. Ukiweka ya 3 kwenye foleni ya 18 umejampa tu kwa njia ndefu.

Kupima nako kuna mtego. Mita ya umeme ukiiweka kwenye alama ya dayodi inatoa volti mbili tatu hivi, itawasha kidogo chipu ya volti 3 na kwa nyingine zote itakaa kimya, sasa mtu anahitimisha zote zimekufa anatupa. Tumia betri ya volti 9 ya boksi na rezista ya kilo-omu 1 mbele yake, hiyo itawasha za 3 na za 6 vizuri, za 9 kwa kusuasua, za 18 unganisha betri mbili au tatu mfululizo.

Halafu kulehemu kwenyewe. Bodi ni ya aluminiamu, imetengenezwa inyonye joto, kwa hiyo chuma chako cha risasi kinakazana juu na bodi inalinyonya joto lote, risasi inakuwa kama uji. Mafundi wajanja wanageuza pasi ya nguo kichwa chini, wanaweka bodi juu yake mpaka risasi iyeyuke (ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, pasi ikiwekwa mwisho inafika), wanachomoa chipu na kibanio wanaweka nyingine wanaizima. Nilijaribu, inafanya kazi vizuri mno, ila tumia pasi ambayo hamtapigia tena sare za shule. Na angalia upande, chipu ina chanya na hasi, kona iliyokatwa ielekee walikoelekea majirani zake. Chipu zenyewe sinunui, nachopoa kwenye bodi ya taa nyingine ya aina ile ile iliyokufa draiva.

Nani anashinda? Kwa globu, kujampa, bila ubishi, lakini kwa chipu moja tu, na hata hapo tazama aina ya draiva kwanza. Kama kwenye shingo kuna bodi nyingine yenye koili, hiyo inajirekebisha, ukitoa chipu inapunguza volti yenyewe mkondo unabaki vile vile, hata chipu mbili inavumilia. Kama kila kitu kiko kwenye bodi moja na chipu, hamna koili, kuna aisii ndogo tu katikati (kidude cheusi kinachoongoza mkondo), hapo kuna hesabu. Chukua taa ya wati 9 yenye chipu 14 za volti 18, jumla 252, mkondo kama miliampia 35, yaani ampia 0.035. Ukiruka chipu moja zile volti 18 haziendi mbinguni, zinabebwa na aisii, 18 mara 0.035 ni wati 0.63 za moto zaidi kwenye kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Moja ataibeba. Mbili ni wati 1.26, hapo taa inafifia ikipata joto au aisii inaungua kabisa, na globu moja kati ya nne zangu zilizokufa ndo nilivyoiua, kwa ulafi wa kuruka chipu mbili.

Kuna dawa ya hilo naipenda kuliko yote. Karibu na aisii utaona virezista viwili vimekaa sambamba, hivyo ndo vinaiambia draiva ipitishe mkondo kiasi gani. Toa kimoja, kile chenye omu nyingi, mkondo unapungua. Mfano 4 na 12 zikiwa sambamba zinatoa omu 3, ukitoa ya 12 inabaki 4, mkondo unashuka kuwa robo tatu. Mwanga unapungua kidogo jicho halistuki sana, ila taa inakaa baridi. Hii siyo uhuni wa mtaani tu, zile taa za Dubai Lamp ambazo Philips walizitoa 2016 na manispaa ya Dubai zimesimama kwenye wazo hilo hilo, LED nyingi, kila moja inafanyishwa kazi kidogo, hazichemki. Taa zetu za bei rahisi ni kinyume, LED chache zinasukumwa mpaka mwisho ili boksi liandikwe wati nyingi.

Kwa panel na taa ndefu matokeo yanageuka, na hili sikulijua mpaka nilipoharibu. Panel nyingi chipu zake ziko foleni mbili tatu sambamba, unaona nusu inawaka nusu giza. Ukijampa chipu kwenye foleni moja hiyo foleni inahitaji volti kidogo kuliko wenzake, basi mkondo mwingi unakimbilia huko, inapata moto, baada ya mwezi inaondoka na chipu nyingine mbili. Kwa hiyo panel badili chipu, au kama lazima ujampe basi ruka moja kwenye kila foleni ziwe sawa. Ile panel yangu ya kwanza nilibadili chipu moja kwa njia ya pasi, iko chumba cha watoto sasa.

Ya pili ndo inanipeleka kwenye kubadili draiva, na hapa sina maneno mengi ya kubishana, kwa panel na daunlaiti ambazo draiva iko kiboksi cha nje nyuma ya dari, hii ndo njia rahisi kuliko zote na ndo watu wanaisahau. Wanashusha panel nzima wanatupa wananunua mpya, kumbe kilichokufa ni kile kiboksi cheupe. Pima tu, chomoa plagi ya kwenda kwenye panel, weka mita kwenye DC, washa, gusa waya mbili za kutoka. Mita ikipanda kufika volti ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi (au inaruka ruka, nyingine zinafanya hivyo zikikosa mzigo) draiva ni nzima, rudi kwenye chipu. Sifuri kabisa, draiva imekufa. Mimi nililipa elfu nne na mia tano Kariakoo kwa draiva ya panel ya wati 18, panel yenyewe mpya walikuwa wananiambia elfu kumi na nne. Nenda na ile ya zamani mkononi, usiende na maneno. Muuzaji mmoja alikazana "kaka hii hii, wati 18 ni wati 18," nikamwambia hapana, mi naangalia miliampia. Wati haitoshi. Miliampia ziwe sawa au pungufu kidogo ya ile ya zamani, kamwe zisizidi, na zile volti, mfano 36 mpaka 63, zijumuishe za panel yako. Ukiweka ya miliampia nyingi itawaka vizuri sana kwa wiki mbili.

Kubadili draiva ndani ya globu ni hadithi nyingine, nimejaribu sishauri. Draiva peke yake inakaribia bei ya globu, nafasi shingoni finyu, waya fupi. Isipokuwa ni kapasita tu imevimba, ile ya volti 400, hapo badili kapasita, ni ya mia kadhaa, miguu miwili, angalia chanya na hasi. Na kabla hujaigusa subiri au imalize chaji kwa rezista, mimi niliigusa na kidole cha gumba dakika moja baada ya kuzima nikarusha taa ukutani, sijui ilikuwa namba ngapi kwenye zile 11.

Kumbuka pia kofia likiwa wazi usiwashe ukagusa bodi. Watu wanadhani LED ni volti ndogo kama tochi, lakini draiva nyingi za globu hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, ile bodi ya chipu ina layvu kabisa.

Sasa kutupa. Mi sioni aibu kutupa na nimetupa nne. Globu ya elfu mbili ambayo chipu tatu zina doti nyeusi, tupa, zilizobaki nazo zimeshachoka zinafuatia. Plastiki ya shingo imegeuka kahawia, tupa. Ile taa ya kuchaji nayo niliiacha, betri yake ya 18650 ilikuwa imekufa na ningebadili, ni betri ya kawaida ya volti 3.7 ile ndefu ya milimita 65, lakini na bodi ya kuchajia ilikuwa imeungua, vitu viwili kwa pamoja ni bei ya taa mpya. Kama ni betri tu ingepona. Watu wa umeme wa kukatika katika wanajua thamani ya hizo.

Ila ukienda kununua mpya kwa sababu ya hasira bila kujua iliyokufa ilikufa na nini, utanunua tena. Boksi limeandikwa saa 25,000, kwa saa 5 kila siku hiyo ni zaidi ya miaka 13, nani kafikisha? Hayo masaa ni ya chipu, kapasita ndani ya draiva inaishi maisha yake, na kila joto likipungua nyuzi 10 umri wake unakaribia kuwa mara mbili, likiongezeka unakatika nusu. Mbili kati ya zilizokufa zilitoka kwenye kile kibakuli cha kioo cha sebuleni kilichofungwa pande zote, joto halina pa kutokea. Nilitoa kioo nikaweka taa wazi, siyo pazuri, shemeji akija anauliza kulikoni, ila taa imekaa. Na usijidanganye na hesabu ya LUKU kwamba ununue ya wati chache zaidi, taa ya wati 9 kwa saa 5 kila siku inakula uniti 1.35 kwa mwezi, hapo hamna cha kubana, tafuta yenye kitako kizito cha aluminiamu hata kama ni elfu tano.

Na kumpelekea fundi? Kwa globu moja hailipi yeye wala wewe, kwa panel nne au taa ndefu sita za dukani inalipa, mpe zote kwa pamoja muelewane. Mwambie mapema unataka chipu zibadilishwe siyo zijampwe kwenye panel, maana akiwa na haraka atajampa tu, zitawaka mbele yako utamlipa utaondoka unafurahi.

Mimi nimefanya hivi mwishoni: globu tatu zilizojampwa nimeziweka choo, stoo na korido, sehemu taa inawaka dakika chache na naifikia bila ngazi. Ya kwenye ngazi ya nyumba ambako inabidi kupanda juu ya meza juu ya kiti nimeweka mpya, na ya nje kwenye mvua mpya pia, ukishalifungua lile kofia hata ulirudishe na gundi maji yatapata njia. Bodi za zile zilizokufa nimezirudisha kwenye droo kwa ajili ya chipu, na mke wangu bado hajaifungua.